Mipaka Minne ya Mzee Rwegoshora

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023. Daftari la ziara la Sperancia Kemirembe lina mstari mmoja wa siku hiyo: "Mabira, mzee Rwegoshora, chupa haijapungua."

Sperancia, mkulima wa kahawa mwenye miaka hamsini na miwili, alikuwa ametimiza miaka tisa akijitolea kuhudumia majumbani wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Mzee huyu alikuwa na saratani iliyokwisha kuingia mifupani. Wiki iliyotangulia muuguzi alimwachia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, anywe kila baada ya saa nne. Sperancia aliinua chupa kwenye mwanga, akaiweka, akaiinua tena.

"Shikamoo, mzee. Mbona hukunywa?"

"Marahaba. Namngoja Athanasi."

Athanasi, mwanawe mkubwa, alikuwa njiani kutoka Muleba. Wosia ungesemwa mbele yake na mbele ya majirani.

"Nikinywa nitasinzia," mzee aliendelea. "Watasema nilitamka maneno ya dawa. Watoto watagombana matanga hayajaisha."

"Tangu juzi hajageuka ubavu," alisema mkewe, Kokugonza. "Anauma shuka."

Sperancia akampigia Athanasi: basi lilikuwa limeharibika, asingefika kabla ya kesho. Alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Kumlazimisha mgonjwa hakuruhusiwa. Kumwacha vile hakuweza. Mara ya pili alirudi na Pastory, jirani ambaye kibanja chake cha kahawa kimepakana na cha mgonjwa.

"Baba, kunywa kipimo kimoja. Baada ya saa moja nitakuuliza mipaka minne ya kibanja chako, Pastory akisikia. Ukikosea mmoja, chupa naiondoa, umsubiri Athanasi."

"Unataka kunipima kama mlevi wa rubisi."

"Mlevi hakubali kupimwa, mzee," Pastory alisema. "Wewe kubali."

Akanywa. Saa hiyo nzima Sperancia hakukaa. Alifagia palipokwisha kufagiliwa, akahesabu pumzi za mgonjwa, akafagia tena. Mzee alisinzia, akaamka, mikunjo ya uso imelegea.

Alitaja barabara. Akataja kijito. Akataja kaburi la baba yake. Wa nne, upande wa Pastory, akasema: "Mfenesi."

Kokugonza akainamisha macho. Sperancia naye aliwahi kumwona Pastory akichuma, kama mali yake, mistari miwili ya kahawa iliyo kati ya mfenesi ule na nyumba hii. Wote wakamtazama Pastory.

"Ni mfenesi," Pastory alisema. "Mzee hajakosea."

Saa nne zilipotimia, Rwegoshora aliomba chupa mwenyewe. Kesho yake aligeuka ubavu, akamwelekea Athanasi, akasema wosia wake mbele ya mashahidi watano, nao haukupingwa. Alifariki siku ya kumi na moja baada ya hapo.

Pastory hajachuma tena mistari ile, na akiulizwa hujibu kwamba mpaka ni mfenesi. Hati ya kibanja haikupatikana. Mpaka huo ulikuwa wapi kabla ya Jumanne ile, haijulikani.