Bei ya Kiti cha Mbele

Zubeir hakuwahi kukopa hata kibiriti. Gari lake alilinunua kwa pesa taslimu baada ya miaka minne ya kungoja basi la Smithfield, huko Sydney, kwenye baridi, na kila kijana mpya aliyeletwa kwenye ghala alimokuwa akiendesha foklifti aliambiwa, atake asitake, kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa hivyo siku alipomvuta Saif pembeni wakati wa chai na kumuuliza habari za kadi ya mkopo, Saif, kijana wa Unguja aliyemheshimu, alidhani mzee anaumwa.

"Ami, kadi gani tena?"

"Ile ya shirika la ndege. Ya watu wakubwa."

Fatma, mkewe Zubeir, alikuwa amekwenda Mombasa mwezi wa Februari 2020, wiki tatu tu, harusi ya mpwa wake. Sasa ilikuwa Februari nyingine. Mipaka ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona, Australia inawarudisha watu wake kwa kijiko, na tiketi ya Fatma ilishafutwa mara nne. Mara ya nne mabegi yalikuwa tayari uwanjani. Watu walisema wanaoachwa ni wa viti vya nyuma. Wa mbele hupita. Bei ya kiti cha mbele Zubeir aliisoma mara mbili, akidhani ni nambari ya simu.

Kilichomtia hofu zaidi ni sauti ya Fatma. Zamani alikuwa akilia kila tiketi ikifutwa. Siku hizi alieleza habari za mchicha alioupanda kwa mamake, kisha akasema, kwa utulivu kabisa, "Labda riziki yangu imehamia huku, Baba Huda." Zubeir alimjibu kwamba breki za gari zinalia.

Saif akamfafanulia. Ada ya mwaka, dola mia nne na hamsini. Bima ya safari. Mara mbili kuingia bure kwenye ukumbi wa kupumzikia uwanjani.

"Uwanja wenyewe hauna watu. Nikapumzike na nani?"

"Ngoja, ami. Ukitumia dola elfu tatu ndani ya siku tisini, wakupa pointi. Zatosha kiti kimoja cha mbele."

Zubeir alifikiri wiki mbili. Alimpigia imamu, akaambiwa alipe kabla ya siku yake na asiwape benki hata senti ya riba. Fomu ilijazwa na Huda, binti yake wa miaka kumi na tisa. "Just tick the box, Baba," alimwambia mara sita. Wiki ya kwanza Zubeir alilipa deni mara tisa, kila anunuapo kitu, papo hapo, maana kesho haina mdhamini. Benki ikapiga simu kuuliza kama kadi imeibwa. Huda akaongea nao. "No, he's just like that," akasema.

Shida ilikuwa kutumia. Alinunua matairi, akalipa umeme, na siku arobaini zikapita hajafika hata nusu. Mtu aliyezoea kubana pesa hafundishiki kwa siku tisini.

"Ramadhani hiyo yaja," Saif alisema. "Watu watanunua mchele, tende, samli. Wanunulie kwa kadi yako, wakupe taslimu. Waeleze tu sababu."

Hapo ndipo Zubeir alipoiona bei yenyewe. Alilelewa Mombasa, na mbele ya wanaume mke ni watu wa nyumbani tu. Jina hutaji, seuze hamu yake. Mia nne na hamsini aliimudu. Hii hakujua ataitoa wapi. Siku tatu hakula vizuri, na foklifti aliigonga ukutani mara moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Siku ya nne alijifungia ndani ya gari kwenye maegesho, akafungua kundi la Whatsapp la watu wa pwani, akarekodi:

"Asalaam aleikum. Ni mimi Zubeir wa Villawood. Naomba niwanunulie vitu vyenu vya Ramadhani kwa kadi yangu, munipe pesa taslimu, nipate kiti cha ndege. Nna hamu na mke wangu. Mwaka mzima sasa. Nyumba imenishinda. Basi ni hayo tu."

Akatuma, akazima simu, akaenda kupakua mafriji.

Hakuna aliyemcheka, na hilo lilimuumiza zaidi. Jumamosi mbili alisukuma matoroli ya mchele na tende, na wanaume wakamtia noti mkononi wakitazama pembeni. Pointi ziliingia katikati ya mfungo. Huda akampatia mamake kiti cha mwezi wa Mei.

Akampigia mkewe. "Mama Huda, kiti kimepatikana. Cha mbele. Tarehe kumi na tisa."

"Nimeisikia sauti yako," Fatma akasema. Ujumbe ulikuwa umetumwa kutoka simu hadi simu mpaka Mombasa. "Tulikuwa jikoni watu saba, twakata vitunguu. Wote wakanitazama mimi."

Zubeir alieleza kwamba kadi ilikuwa na masharti.

"Nilishakata shauri nikae kwa mamangu," Fatma akasema. "Nilidhani hunihitaji. Kila nikipiga, wewe wanambia breki. Leo Sydney nzima yajua una hamu nami, na mimi hujanambia."

"Si umesikia?"

"Nimesikia ulivyowaambia wao. Tarehe sijaikubali bado."

Jikoni kwao Villawood, Huda alifunga bomba la maji ili asikie vizuri. Zubeir aliona haya na aliogopa, vyote viwili, na nyumba ya vyumba viwili haina pa kujificha.

"Nna hamu nawe, Fatma," akasema.

"Sema tena. Simu ilikwama."

Haikukwama. Akasema tena.