Chuma Kilikuwa Bado cha Moto

Habari za msiba zilinikuta Alhamisi asubuhi kwenye foleni ya mkate hapa Al-Shumaisi, Riyadh. Aliyeniletea ni muuguzi mmoja wa Kikenya ambaye hunijulisha yanayowapata watu wa kwao. Mwalimu amefariki, akaandika, kwao Nakuru, baada ya kuugua muda mfupi tu, na wameshamzika. Akaongeza kwamba ananiambia kwa kuwa anajua tulifahamiana. Nilirudi nyumbani bila mkate. Nyinyi wasomaji wangu mmezoea kunikuta hapa nikiwasema wengine, makafili wanaotudhamini na mawakala na ndugu zetu wanaosahau kwao wakishapata gari. Leo wa kusemwa ni mimi. Ni kweli nilimfahamu yule mama, lakini siku aliponihitaji, wallahi, nilimkana mbele ya watu.

Wakati huo nilikuwa mwandishi wa vikao katika ofisi ya washauri, pale Al-Sulimaniyah, juu ya mgahawa ulionukisha nguo zetu samaki wa kukaanga. Tulikuwa tunapanga mustakabali wa vyuo vya ufundi na vyuo vya jamii, kuanzia hapa Riyadh mpaka Jeddah: kipi kipanuliwe, kipi kiunganishwe na jirani yake, karakana gani ifungwe. Ramani ilitundikwa ukutani, na penye pini nyekundu ndipo pa kufungwa. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya ndimi zangu. Nimezaliwa Jeddah, Kiarabu changu cha Hijazi, Kiingereza nilikisoma, na Kiswahili ni cha mama, aliyeletwa huku mdogo na wazee wake kutoka Unguja baada ya mwaka wa sitini na nne. Nimezaliwa hapa, nimeota mvi hapa, lakini ikama yangu, yaani kibali cha kuishi nchini, ni ya mgeni sawasawa na ya aliyeshuka jana uwanja wa ndege, na kafili wangu alikuwa ofisi ile ile. Hilo lishikeni, maana ndilo lililonifunga mdomo.

Katika ziara zetu tulifika chuo kimoja cha wasichana huko Jeddah, mwendo mdogo tu kutoka Al-Safa nilikokulia. Msafara wetu wote ulikuwa wa wanaume. Mlinzi akatukaribisha kwa heshima zote, akatukalisha kwenye majlisi, tukaletewa kahawa na tende, na kila mara mwenzetu mmoja alipotazama saa aliambiwa asubiri kidogo, mambo yanawekwa sawa. Tulikaa karibu saa nzima. Halafu yalla, tukaingizwa karakana ya kutengeneza simu na kompyuta. Meza safi, viti vimesukumwa ndani, hapana mtu ila mwalimu mmoja wa kike, mfupi, amejifunga abaya yake, amesimama kando ya mlango. Mwenzetu akaandika kwenye fomu kwamba karakana haitumiki. Mimi nikaegemea meza kumsubiri amalize, nikashika bila kuangalia kile chuma cha kulehemia nyaya, nikaungua kidole. Nikapiga ukelele, “Mama yangu!” Yule mwalimu akaniletea maji baridi, akasema taratibu, “Pole, kaka.” Ndivyo tulivyojuana.

Sasa nani asiyejua mambo haya? Mtu wa nje labda, si mimi. Nina dada watatu waliosoma shule za Jeddah. Najua fika kwamba wageni wanaume wakija upande wa wasichana, wasichana huondolewa kwanza. Ile saa tuliyokuwa tunakunywa kahawa, wao walikuwa wanatolewa mlango wa nyuma, madereva wanaitwa, mabasi yanajaa. Tuliwatoa sisi wenyewe, kisha tukaandika kwamba hawapo. Na mimi, kidole kinanifukuta, nikaitafsiri sentensi ile ya fomu kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, safi kabisa, bila kosa hata moja.

Pini nyekundu ilipochomekwa, mwalimu alinipigia simu. Alikuwa na wasichana kumi na tisa, na wawili kati yao walishaanza kutafuta chumba cha duka lao wenyewe. Hakunilaumu. Aliomba dakika kumi tu mbele ya kamati, na mimi, nikijiona muungwana, nikamtafutia. Akaja Riyadh na daftari lake la mahudhurio. Bosi wetu alilipitia haraka, akasema madaftari yote ya vyuo hujazwa vizuri, lakini msafara ulikwenda kwa miguu yake na kuona kwa macho yake. Mwalimu akaeleza habari ya mlango wa nyuma. Bosi akauliza kama kuna yeyote katika msafara aliyeona dalili ya darasa siku ile. Nikainamia karatasi zangu, kwa sababu nilijua litakalofuata.

“Muulizeni mwandishi wenu,” akasema mwalimu. “Chuma alichoshika kilikuwa cha moto. Aliungua.”

Wote wakanigeukia. Kumbukeni, ikama yangu ilikuwa inaisha mwezi ule, na karatasi za kuihuisha zilikuwa mezani kwa bosi yule yule, na kila mtu pale ofisini alijua kwamba mpango wote ulitakiwa ukabidhiwe wiki ileile, hapana kuchelewa. Nikimwaibisha ataniacha, na wakiniacha nitapelekwa wapi? Unguja, ambako simjui hata muuza vitumbua? Niliyafikiri hayo yote kwa muda wa kumeza mate. Kidole kilikuwa bado kina bendeji, jamani, nikakificha chini ya meza.

“Sikumbuki,” nikasema.

Halas, yakaisha. Bosi akamshukuru mwalimu kwa kuja, kikao kikaendelea na chuo kinachofuata, na mimi nikaandika kwamba hoja ya mwalimu haikupata ushahidi. Wakati wa mapumziko nilimkuta amesimama penye lifti, daftari kwapani. Nilitaka kumwambia kitu, sijui hata nilitaka kumwambia nini. Akaniwahi yeye.

“Kaka, kidole kimepona?”

“Kimepona.”

“Haya, hiyo ni vizuri,” akasema, lifti ikafunguka, akaingia. Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na ndiyo maana sijaweza kuisahau. Karakana ilifungwa muhula uliofuata. Wasichana wakaambiwa wahamie masomo ya ukarani, wengine wakakubali, wengine wakabaki majumbani. Mkataba wake haukuhuishwa, akarudi Kenya. Mimi ikama nilipata. Na kila Idi, yeye Mkristo, alinitumia salamu kabla ya ndugu zangu wengine, na kila mara nilimjibu kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika.

Nimekaa sana na watu wanaopanga mambo ya kesho. Wengi wao si wabaya. Bosi yule alikuwa mtu mpole, aliamini anachokiona, na alichokiona kilikuwa meza tupu. Taabu ya mpangaji ni kwamba popote aendapo hutandikiwa njia, na kutandikiwa njia maana yake kuna mtu ameambiwa apishe. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sawa, lakini hawakutuambia tufanyeje na aliyekuwapo akatolewa kwa ajili yetu, kiti chake bado kina joto. Mimi nimejifunza, kwa kuchelewa, kwamba kabla hujaandika chumba ni kitupu uulize nani ametoka ili wewe uingie. Na ikiwa jibu unalo tayari kwenye ngozi ya kidole chako, useme, hata kama sauti inatetemeka na karatasi zako ziko mezani kwa mtu.

Kumbukumbu za kikao kile ziko kwenye kabati fulani, zimepigwa mhuri, na hapana wa kuzirekebisha. Mwalimu naye hapokei simu tena. Kwa hiyo naziandika upya hapa, mahali pekee nilipo na ruhusa ya kuandika nitakalo. Mwandishi aliulizwa mbele ya kamati nzima. Mwandishi alikumbuka vizuri sana. Chuma kilikuwa bado cha moto.