Hapa Nzuri Hailiwi

Kabla sijaugua nilikuwa na mdomo. Kule Kilosa ukinisalimia huondoki upesi; nitakuuliza habari za nyumbani, za shamba, mpaka za mbuzi. Mume wangu alikuwa fundi kwenye shamba la mkonge. Shamba likauzwa, mwenye mali mpya akapunguza wafanyakazi, mume wangu akiwemo, tukahamia Mikumi. Nikafungua kibanda kando ya barabara kuu, nikawa nauza wali na maharage kwa madereva wa malori.

Hapo ndipo nilipomzaa Zena, mtoto wangu wa mwisho. Mkunga alimlaza kifuani pangu. Nikamtazama, nikaona mtoto. Basi. Sikumchukia, sikumfurahia.

Majirani wakaja. "Habari za uzazi?" Nzuri. "Mtoto hajambo?" Hajambo. Mdomo ulikuwa unajijibia wenyewe. Kuoga, mpaka mama mkwe anisukume bafuni. Maziwa yalilowesha kanga, yakakaukia humo, yakanuka, nami nikaivaa hivyo hivyo. Chumvi siisikii, kwa hiyo chakula kikaharibika na wateja wakahamia kwa jirani. Zena akilia, namsikia kama redio ya nyumba ya pili.

Zahanati nilikwenda. Mganga akaniuliza, "Unaendeleaje, mama?" Nikasema vizuri, namshukuru Mungu. Akanipa vidonge vya kuongeza damu. Angefanya nini? Sisi hata mtu anakata roho atakwambia sijambo kidogo.

Mchana mmoja nilikuwa navuka barabara, Zena mgongoni. Nikasimama katikati. Sikutaka kufa, sikutaka chochote. Lori likafunga breki hadi matairi yakanuka. Dereva alikuwa kijana, mteja wangu. Akashuka. Nilijua atanitukana, lakini akasema, "Shikamoo, mama." Nikamtazama. Akarudia. Sikuitikia. Akanishika mkono mpaka kibandani, akamwambia mama mkwe, "Bibi, huyu mama haitikii shikamoo. Anaumwa huyu."

Mama mkwe ndipo akashtuka. Silali, sili, alikuwa anasema ni uzazi tu. Kutoitikia shikamoo, hapana. Kesho yake mume wangu akanipeleka hospitali.

Muuguzi wa wagonjwa wa akili alikuwa mama mtu mzima. "Habari za leo?"

"Nzuri."

"Hapa kwangu nzuri hailiwi. Habari za leo?"

Mume wangu akataka kunijibia, yule mama akamzuia kwa mkono. Akaningoja mimi.

"Mbaya," nikasema. Machozi yakaanza kunitoka.

"Haya," akasema, "sasa tumesalimiana."

Dawa zilinikausha mdomo, zikanifunga choo, nikasinzia mbele ya sufuria. Nikataka kuziacha. Muuguzi akasema, "Zinachelewa hizi. Vumilia, na uje tuongee." Nikawa nakwenda. Chumvi ilitangulia kurudi. Kisha siku moja Zena ananyonya, akaning'ata. Nikasema, "We Zena." Niliumia, na nilifurahi kuumia.

Namshukuru Mungu, na yule dereva, na yule muuguzi. Wewe unayenisikiliza, ukimuuliza mzazi habari akakujibu nzuri, usiondoke. Muulize tena. Na ugonjwa huu una dawa, usione haya kwenda.

Zena ni mtu mzima sasa. Asubuhi ananiamkia, naitikia, ananiuliza habari. Siku nyingine namjibu, "Mbaya." Anavuta kigoda, anakaa.