Uwanja wa Kipenga Uliozamishwa

Mwalimu wa michezo waliyemwita Kipenga hakuwa mtu wa kupendeka, wala hakujali. Mkewe alipofariki alilia siku ya mazishi tu, kisha mapenzi yake yote akayahamishia kwenye uwanja wa mpira wa shule. Aliusawazisha kwa jembe, akaupanda nyasi shina kwa shina, akafukuza mbuzi. Aliyethubutu kuukatiza kwa baiskeli alisindikizwa hadi getini kwa matusi ambayo hata mwizi angeona yamezidi.

Basi mwalimu mkuu alipotangaza kikaoni kwamba uwanja utachimbwa na kushushwa kimo cha magoti, Kipenga alidhani anataniwa. Kila masika maji yaliporomoka kutoka barabara ya juu na mapaa ya shule, yakavuka uwanja na kuishia kwenye madarasa ya wadogo kule bondeni. Sasa yangetuama uwanjani, yachujwe na mchanga na kokoto, kisha yaingie kwenye tangi la chini ya ardhi ili yasafishie vyoo na kumwagilia miti. Uwanja ukikauka, mpira ungechezwa kama kawaida.

Kipenga aliuliza nani atachimba. Alipotajiwa mkwewe, alibeba kiti chake akatoka nje ya kikao.

Huyo mkwe, fundi wa mitaro, alikuwa amemuoa binti yake wa pekee, na hakuwahi kumpendeza. Alikuwa mpole mno, na Kipenga hakuwaamini wapole. Binti mwenyewe alifundisha darasa la kwanza palepale shuleni, kwenye chumba cha mwisho kabisa bondeni.

Siku tingatinga lilipoingia, fundi alivua kofia na kumfuata mzee golini.

"Shikamoo, baba."

Kipenga alimtazama juu mpaka chini, akamwacha na shikamoo yake mdomoni mbele ya vibarua wote. Tangu hapo hakusema naye neno. Akitaka kulalamika, alimtuma binti: mwambie mumeo kokoto zake zimevuka mstari, mwambie mumeo ananichimbia kaburi. Binti aliyameza maneno hayo, hakuyafikisha.

Kazi iliisha, nyasi mpya zikapandwa. Mchana mmoja wingu zito lilipotanda, Kipenga alikwenda kwenye mdomo wa mtaro unaoingiza maji uwanjani, akauziba kwa viroba vya mchanga vilivyoachwa na vibarua. Alijiambia kwamba analinda nyasi ambazo hazijashika mizizi. Maji aliyoyafungia mlango yangepita wapi, hakutaka kuwaza.

Yalipita kandokando ya uwanja, yakashuka bondeni kwa kasi kuliko mwaka wowote. Kutoka verandani aliwaona watoto wakitolewa darasani, viatu mkononi, na binti yake nyuma yao, sketi imelowa mpaka kiunoni, chati alizochora likizo nzima zimegeuka uji kifuani pake.

Fundi, aliyekuja kuona kazi yake inavyopokea mvua ya kwanza, alikuwa ameshafika mtaroni, anang'oa viroba. Kipenga akatoka mbio na kukishika cha mwisho. Wakavutana mvuani kama watoto wanaogombea mkeka.

"Achia, baba," fundi alisema, na safari hii hapakuwa na upole.

"Uwanja huu ni wangu."

"Na kule chini yuko mke wangu."

Kiroba kikapasuka katikati yao. Maji yakajitupa uwanjani, na kule bondeni mkondo ukaanza kupungua.

Binti alipanda mpaka walipokuwa. Hakupaza sauti.

"Baba, mimi ndiye niliyeomba uchimbwe. Nilikuficha kwa sababu nilikuogopa. Kumbe nilikuwa sijakuogopa vya kutosha."

"Kwa hiyo mlinizunguka, wewe na mumeo."

"Tulitaka watoto wasisome ndani ya matope."

Alisubiri kidogo, labda neno la pole. Kipenga alikung'uta mchanga mikononi. Binti akageuka akashuka.

Mwalimu mkuu alimpa Kipenga onyo kali, naye hakuomba radhi kwa yeyote. Binti aliacha kumpitia nyumbani jioni. Wakikutana kwenye korido alimwamkia kama anavyoamkiwa mgeni wa shule, naye aliitikia hivyohivyo. Maji ya siku ile yalipozama ardhini, nyasi zilisimama kijani kibichi, nzuri kuliko zamani, na jambo hilo lilimuudhi kupita yote. Wachezaji waliposifia, aliwakimbiza mizunguko mpaka wakanyamaza.

Masika yaliyofuata maji yalianza kukawia uwanjani. Tope lilikuwa limeziba kichujio. Kipenga alizunguka na jambo hilo moyoni, mwishowe akaenda hadi karakana ya mkwewe, akasimama mlangoni bila kubisha hodi.

"Kichujio kimeziba," alisema.

"Nitatuma mtu."

"Njoo mwenyewe."

Fundi alikuja. Wakainama pamoja shimoni, wakachota tope, na maneno pekee yaliyopita kati yao yalikuwa shika hapa na sogea. Binti aliwaona kutoka dirishani mwa darasa lake, akaendelea kuandika ubaoni. Maji yalipoanza kunywea, fundi aliosha mikono na kusema anaondoka. Kipenga alikuwa ameshampa mgongo, anafunga wavu wa goli.