Mguu Niliotolea Ushuhuda

Kwenye soko la Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, waliniita Mama Antena, na sikuwakataza, maana jina la utani ukilikataza ndiyo umelibandika. Mguu wangu wa kulia, chini ya goti, ulikuwa na fimbo ya chuma ndani ya mfupa, na chuma cha namna hiyo huku kwetu kila mtu anakiita antena. Wauza nyanya walikuwa wakinipitia asubuhi: "Vipi, leo inakamata Zambia?" Nami nawajibu inakamata vizuri, na huko Zambia wanausema umbeya wenu. Mdomo ninao, sikuazima kwa mtu.

Antena niliipatia kijijini Galula. Nilikwenda kufuata ufuta, nimekaa nyuma ya pikipiki na magunia matupu mapajani, dereva akakwepa mbuzi, tukaenda chini, na pikipiki ikanilalia mguu. Mfupa wa muundi ukakatika vipande viwili. Hospitali kubwa wakanifanyia operesheni, wakaweka chuma, na siku ya kuniruhusu daktari akaniambia mambo mawili tu: mguu huo usiukanyagie, na baada ya miezi mitatu rudi kliniki tupige picha. Nikapewa magongo nikaenda nayo nyumbani.

Mama yangu akateremka kutoka milima ya Ileje kuja kuniuguza. Ni mwanamke mfupi, mkali, ambaye hajawahi kumeza kidonge bila kukiombea kwanza. Alinipikia, aliniogesha, na kila alfajiri aliniombea kwa sauti mpaka majirani wakaacha kutumia saa za kuwaamsha. Wiki ya kumi maumivu yakapungua, nikajaribu hatua mbili nimeshika ukuta. Akaniona.

"Mungu ameshafanya," akasema. "Unangoja nini kumpa sifa zake?"

Nikamwambia daktari alisema miezi mitatu.

"Daktari alisema. Na Mungu je, yeye hajasema?"

Jumapili hiyo nikasimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda. Nikayaegesha magongo kwenye mimbari, nikarudi kitini kwa miguu yangu miwili. Vigelegele vikapigwa, kwaya ikaingia, mama akacheza mpaka kilemba kikamdondoka na hakukiokota. Mimi pia nilicheza. Sisemi uongo, siku ile niliamini kabisa kwamba nimepona.

Sasa, kwetu ushuhuda haurudishwi. Mtu akishasema mbele ya watu kwamba Bwana amemponya, hawezi kuonekana Jumanne anachechemea kwenda sokoni. Hakuna anayekukataza; ni wewe mwenyewe unaona aibu, tena unaona kama unamuaibisha Mungu. Kwa hiyo mguu ulipoanza kuniuma upya nikautembeza umenyooka. Kliniki sikwenda. Ningesema nini? Daktari angeniuliza magongo yako wapi, nimjibu yako madhabahuni? Miaka miwili nikauza maharage nimesimama, nikabeba madebe, nikatabasamu. Nikirudi nyumbani naingia chumbani, nafunga mlango, ndipo nachechemea. Wateja wa ng'ambo ya mpaka wakiniita mama kwa lugha yao na kuniuliza, "Mayo, mguu unaendeleaje?" nasema safi kabisa. Mficha maradhi kifo humuumbua: methali hiyo nilifundishwa shule ya msingi, na sikuwahi kudhani inanihusu.

Aliyeleta habari ya kutoa chuma ni mama. Kanisani kulianza maneno ya chinichini: sawa, amepona, lakini mbona chuma bado anacho? Kaponywa na Mungu au na antena? Maneno hayo yakapanda mlima mpaka yakamfikia kwake Ileje, alikokuwa amesharudi, naye akapanda gari akaja. Hata begi hakuweka chini.

"Kakitoe hicho kitu," akasema. "Watu wanakipa chuma utukufu usio wake."

Nami nilitaka kitolewe, kwa sababu yangu ambayo sikumwambia. Niliamini chuma ndicho kinachouma. Baridi ya Juni ilipoingia nilikisikia kinavyovuta, nikakichukia kama mpangaji asiyetaka kuhama. Nikaona kikitoka, maumivu yatatoka nacho, na ule ushuhuda wangu utakuwa wa kweli, ijapokuwa umechelewa. Basi mimi na mama tukakubaliana mara moja, jambo ambalo si la kawaida kwetu, na siku ya kliniki tukaenda wote.

Daktari alikuwa kijana, mwenye adabu zake. Akatuamkia shikamoo wote wawili, akaniuliza chuma kinanisumbua vipi. Nikasema kidogo tu. Akasema kama ni kidogo, si lazima kitolewe. Wapo wengi wanaozeeka nacho, na kukitoa ni kupasuliwa upya. Mama akakohoa kile kikohozi chake cha kutokubaliana. "Tupige picha kwanza," daktari akasema, "ndipo tuamue."

Picha ikapigwa. Tukarudi kwake, akaifungua kwenye kompyuta, akaikuza mara mbili, halafu akatugeuzia kioo.

"Mama, hiki cheupe ni chuma. Huu ni mfupa wa juu, na huu ni wa chini. Hapa katikati unapaona?"

Niliona mstari mweusi. Nikadhani ni uchafu wa kioo, nikanyoosha kidole niufute.

"Hiyo ni nafasi," akasema. "Mfupa haujaunga."

"Lakini natembea."

"Unatembelea chuma. Na skrubu moja ya huku chini imeshakatika. Tungekitoa leo kama mlivyotaka, usingefika pale mlangoni."

Nilikisikia alichosema na sikukielewa, kisha nikakielewa chote kwa mpigo. Nilifikiria madebe ya maharage. Nilifikiria nilivyoruka ile Jumapili, kwaya inapiga makofi, na mfupa wangu vipande viwili. Miaka miwili nimekisema vibaya chuma kilichokuwa kimenibeba, na nilikuja kwa nauli yangu ili kiondolewe. Nikautazama mguu, na ulikuwa kama mguu wa mtu mwingine aliyekaa karibu yangu. Nikaogopa hata kuusogeza.

"Kliniki ulikuwa unakuja?"

"Hapana."

"Ulianza kukanyagia lini?"

"Wiki ya kumi."

"Nani alikwambia ukanyagie?"

Mimi mwenye mdomo nilikuwa nimeshaandaa kusema nilijiamulia mwenyewe. Mama akanitangulia.

"Mimi," akasema. Hakuinamisha kichwa. "Mimi ndiye nilimwambia. Na akaumia. Nilipokuwa nakuja kwake nilikuwa namsikia akishafunga mlango wa chumba, anauburuta mguu. Nikajifanya sisikii."

Nikamgeukia. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mwanangu. Niliogopa."

Sikuwahi kumsikia mama yangu akisema ameogopa kitu. Hilo lilinishtua kuliko picha. Halafu hasira ikanipanda, hasira ya kweli, ya kutaka kumfokea mzazi mbele ya mgeni: kwamba alinisikia na akaendelea kujifunga kilemba chake, kwamba alinileta hapa nitolewe chuma huku anajua mguu unaburutwa. Na papo hapo nikajua kwamba mimi nilifanya yale yale. Mlango nilikuwa naufunga mwenyewe, hakuna aliyenishikia funguo. Machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

Daktari akasema kilichobaki ni uamuzi wangu. Naweza kuacha hivi hivi, chuma kinibebe mpaka siku kitakapochoka kikatike ndani, na hakuna ajuaye ni siku gani. Au nipasuliwe upya: waweke kinene zaidi, wapandikize mfupa kwenye ile nafasi, na nikae miezi bila kukanyagia, safari hii kwelikweli, hata malaika akishuka aniambie tembea. Kurudi kwenye kitanda kile, kisha kurudi kanisani watu wanitazame; niliona bora nife na mguu wangu wa kuigiza.

Mama ndiye aliyeuliza. "Huo mfupa wa kupandikiza mnautoa wapi?"

"Kwenye nyonga, bibi. Kidogo tu."

Akasimama, akaweka mkoba kwenye kiti, akaanza kulegeza kitenge kiunoni. "Chukueni," akasema.

Daktari hakucheka, Mungu ambariki. "Siyo wako, bibi. Tunachukua wa kwake mwenyewe."

Mama akabaki ameshika pindo la kitenge, anamtazama, kisha akanitazama mimi kuanzia kichwani mpaka kwenye ule mguu.

"Hata huo wa kwake ni wangu," akasema. "Chukueni."

Nikamuuliza daktari kalamu ya kusaini fomu ya operesheni iko wapi.