Dawa ya Kugeuza Miguu ya Mgeni

Kabla sijaanza, apa kwamba haya hayatoki hapa. Umeapa? Vizuri. Mimi niliapishwa na Koko, mama yake mama yangu, na siri yake nimeitunza: nimewaambia wenzangu wa soko la Volo Volo tu, na mashoga zangu wa Vouvouni, na jirani mmoja ambaye hata hivyo hasikii vizuri. Tena walioiona kwa macho walikuwa wengi kuliko walioapishwa.

Nilipokuwa mtoto, katika kijiji kimoja juu ya Mutsamudu, kisiwani kwetu Ndzuani, nyumba zilikuwa za wanawake. Mpaka leo ndivyo zilivyo. Mwanamume akioa huingia kwa mkewe na nguo zake chache, na hata akijaza nyumba watoto, bado ni mgeni. Wakigombana, anayeondoka ni yeye. Baba yangu alikuwa na wake wawili, basi alikuwa mgeni mara mbili: kwetu, na kwa mama mdogo Zaina, upande wa pili wa msikiti. Mwanamume wa namna hiyo hakosi chai.

Ulikuwa wakati ule visiwa vinaachana na Ufaransa, na kisiwa cha Maore kikasema chenyewe hakitoki. Watu wakatazamana kwa pembe ya jicho: nani wa uhuru, nani wa Wafaransa? Na wakati huohuo ndipo Bi Marta alipoizoea nyumba yetu. Alikuwa mzungu, mmoja wa Wakristo waliotumwa na kanisa lao, muuguzi wa hospitali ya Hombo. Mahubiri hakuleta, angefukuzwa siku ileile. Alileta dawa ya macho, na subira ya kukaa. Alikaa mkekani adhuhuri mpaka alasiri, akikuna nazi vibaya, nusu bakulini nusu mapajani, na Mama akicheka mpaka anajifuta machozi.

Kicheko hicho ndicho kilichomchoma Koko. Kwake Mama aliitika tu: ndiyo mama, hapana mama, nimesikia mama. Kucheka alimwekea mgeni. Na Bi Marta, masikini, akidhani anamheshimu, alimwita Koko "mama yangu".

"Huyu sikumzaa," Koko alisema akimtazama miguu. "Ningemzaa ningekumbuka."

Jioni akamwambia Mama, "Leo anakukunia nazi, kesho atakubatiza."

"Atanibatiza kwa maji gani, mama? Hata mtungi hajui kuubeba."

Mama akacheka tena peke yake, akikumbuka huo mtungi. Koko akanyanyuka, akaenda kulala bila kula.

Basi kwetu ipo dawa. Hapa Moroni wakimsikia mtu wa Ndzuani anataja dawa husogeza kiti, lakini hii ni ndogo, kila mtu anaijua. Unafunga udongo wa njia panda katika kipande cha nguo, unausomea, unauzika chini ya kizingiti. Mguu wa mgeni ukifika hapo unakuwa mzito, unageuka. Koko mwenyewe ndiye aliyetufundisha sisi watoto kuiogopa. "Dawa haina macho," alituambia. "Ukiituma kwa mgeni, itamshika yeyote aliye mgeni."

Bi Marta akaendelea kuja, akikiruka kizingiti kwa miguu yake mirefu. Aliyekoma kuja ni Baba.

Zamu ya kwetu ilifika, hakuja. Ikafika tena. Mama alifunika wali kwa kawa, na asubuhi tukala sisi ule wali mkavu. Kicheko nacho kikakatika. Hata Bi Marta alipokuna nazi, Mama alitazama njia. Kijijini wakaanza kusema ameachwa bila kupewa talaka, na hilo kwa mwanamke ni baya kuliko talaka yenyewe.

Koko akapaza sauti kwenye bomba la maji: "Zaina kazika kitu mlangoni kwa mwanangu." Alisema leo, akasema kesho. Ndugu zake Zaina wakamjibu maneno ambayo siyatamki, ingawa nayakumbuka yote. Mwishowe Fundi, mwalimu wetu wa Kurani, akaamua: Ijumaa baada ya sala atamleta Baba na Zaina mpaka mlangoni petu, Zaina aape hapo hapo.

Baba aliniambia ukweli uzeeni. Alikuwa karani bandarini, na wenzake walianza kunong'ona kuwa mwenye mzungu nyumbani ni mtu wa Maore. Akahofia kazi yake, akajificha kwa mke asiye na wageni. Ni hivyo tu. Lakini mimi sicheki. Miaka mingi nilidhani Koko aliogopa msalaba. Sasa binti yangu anapocheka kwenye simu na rafiki yake wa Marseille, nami niko chumba cha pili nachambua mchele, akanijibu mimi ndiyo mama, nimesikia mama, najua Koko aliogopa nini. Siku nyingine mikono yangu hutamani udongo.

Ijumaa ile Koko alihesabu kuwa wanaume wako msikitini na Mama kateremka Hombo kumpokea Bi Marta. Mimi akanituma nyuma ya nyumba nichume pilipili. Mtoto gani atachuma pilipili akisikia mtu anachimba?

Alikuwa amepiga magoti kizingitini, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko, upawa wa wali pembeni. Hotuba siku ile ilikuwa fupi. Fundi ndiye aliyetokea mbele, Baba nyuma yake, kisha Zaina na dada zake waliovaa kama waendao harusini. Na kwa njia ya chini Mama na Bi Marta wakihema na kikapu.

Wote wakasimama.

"Koko," Bi Marta akauliza kwa lugha yetu, taratibu, kwa adabu zake zote, "unapanda nini?"

Mkono ukatoka. Ulishika fundo la nguo nyekundu na nyeupe, nguo ya shiromani, ile tunayojitanda kichwani wanawake wa Ndzuani. Zaina akalitazama fundo, kisha akaitazama shiromani aliyojitanda Koko, ncha yake moja imekatwa.

"Fundi," akasema, "bado niape?"