Jina Ambalo Prudensia Halitamki

Prudensia, karani wa parokia kule Kihanga, akishajifunga kitenge akasema "leo leo", wewe sogea pembeni. Miezi mitatu alizunguka vigango vyote kwa miguu akiandika watoto wa kipaimara: jina, siku ya ubatizo, msimamizi. Watoto mia na arobaini! Alipomaliza kuwaingiza kwenye kompyuta, makaratasi akawashia moto wa kupikia ndizi. Maringo ya dijitali hayo.

Sasa, katekista Nestory alikuwa ameibahatisha nywila yake na kucheza karata humo. Prudensia akaibadili. Akaweka neno ambalo hata ungemchapa asingelitamka: jina la utotoni la baba mkwe wake, Mzee Ndyamukama. Huku kwetu mke hataji jina la baba mkwe, liwe kubwa, liwe la mzaha. Akajiona ana akili kuliko wilaya nzima.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi, paroko akataka orodha. Askofu anafika Jumapili. Prudensia akaandika nywila, kompyuta ikamkatalia. Akaandika tena, ikakataa tena, ikamwonyesha kidokezo alichojiwekea mwenyewe: "Yule nisiyemtaja."

"Huyo shetani," Nestory akasema. "Jaribu Lusifa."

"Toka hapa! Katekista mzima!"

Mtu mwenyewe Prudensia alimjua. Jina ndilo lililomtoroka. Alilisikia mara moja tu, siku ya harusi yake, marehemu dada wa mzee akimtania kaka yake, na tangu hapo halijapita mdomoni mwake. Akampigia simu mumewe, Dastan.

"Mimi baba namwita Tata tu," Dastan akacheka. "Kamuulize mwenyewe."

Fundi wa kompyuta wa Kayanga akamshauri, "Mama, nafuta vyote, unaanza upya."

"Anza kufuta vumbi la vigango kwenye miguu yangu," akamjibu. Akaipakata kompyuta, akapanda bodaboda mpaka Chonyonyo kwa mkwe.

Mzee alikuwa kibanjani anapunguza majani ya migomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea redio?"

Prudensia akaiweka juu ya kigoda, akaiwasha, akageukia mibuni. "Baba, andika hapo jina ulilokuwa ukiitwa utotoni. Mimi sitazami."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe mashine ya kanisa inanijua?"

"Inakujua wewe peke yako, baba. Andika."

Kidole kimoja, herufi moja, pumzi moja.

"Sasa bonyeza hicho kitufe kirefu cha kulia."

"Eh! Imekubali!"

Prudensia hakushukuru kwanza. Aligeuka, akaifungua orodha, akahesabu majina toka juu mpaka chini. Mia na arobaini. Ndipo akapiga goti, akamshika mzee mikono yote miwili.

Jumapili hakubaki mtoto hata mmoja bila kupakwa mafuta ya kipaimara. Mzee alikuwa ameshatangaza Chonyonyo nzima kwamba bila kidole chake askofu angegeuza gari, na jina lenyewe sasa watoto wanaliita njiani. Nywila mpya Prudensia ameiandika kwenye kikaratasi, akakishonea ndani ya pindo la kitenge. Nestory bado anabahatisha.